Kupunguza Mwanga

Baba alipoanza kulalamikia macho, mimi nilipunguza mwanga.

Ndiyo kazi yangu. Natengeneza vioo vya simu kibandani kwangu, sokoni Muthurwa, na mteja akiniambia, "Ndunge, hii simu inaniumiza macho," najua pa kugusa. Kwa hiyo kile kisomeo nilichomletea Baba mwezi wa tatu, kibao chembamba chenye vitabu mia mbili ndani na taa yake yenyewe, nilikishughulikia vivyo hivyo. Alisema kinang'aa sana, nikapunguza taa. Alisema anaona pete za rangi kuzunguka balbu ya sebuleni, nikamwambia ni ule mwanga wa buluu wa kioo unaomsumbua, nikageuza kioo kikawa cha manjano kama chai ya maziwa. Kichwa kikamuuma, nikakuza herufi mpaka ukurasa mzima ukabeba maneno saba.

"Sasa je?"

"Sasa ni sawa, mwaitu."

Mwaitu, kwa Kikamba, ni mama yangu. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe mimi ni mama wa baba yangu.

Alichonga vinyago Gikomba miaka thelathini na minane. Mama alipofariki aliweka patasi chini, akabaki na kusoma tu. Alisoma hata gazeti lililofungiwa nyama. Ndiyo maana nilikitafuta kile kisomeo. Na alipoanza kukiangusha kikombe kwa mkono, kila kikiwa pembeni yake, nilikisogeza kikombe mbele yake na kuendelea na shughuli zangu.

Jioni nikirudi nyumbani, hapa Shauri Moyo, alinisimulia alichosoma. Kulikuwa na hadithi ya mjane ambaye shemeji yake alitaka kumfukuza kwenye shamba la marehemu mumewe.

"Yule shemeji ni mwizi!" Baba alifoka. "Ngoja uone kesho."

Nami kibandani nikawa naringa. "Mzee wangu ana miaka sabini na moja, na anamaliza kitabu kwa wiki. Ni kujua kupanga mwanga tu."

Mwezi wa kumi jirani yetu Omolo, mstaafu wa reli ambaye sote tunamwita Baba Austine, alisafiri kwenda kwao Siaya kwa matanga. Jumatatu Baba akanisimulia kwamba mjane amekataa kuhama. Jumanne, mjane amekataa kuhama. Jumatano nikamuuliza:

"Baba, huyo mama bado yuko palepale?"

"Ni mkaidi huyo."

Nikajua kisomeo kimekwama. Haki ya Mungu, hicho ndicho nilichojua. Alhamisi nikaenda nacho kibandani, nikakifungua, nikakipangusa ndani, nikafungua kurasa mia moja mfululizo. Kizima kabisa. Nikakizima, nikarudi nacho mchana uleule.

Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikamwekea mkononi. Kabla sijamwambia kwamba sijakiwasha, akakiinua hadi puani na kupitisha kidole kama nilivyomfundisha.

"Aa! Umekiweza. Sasa maandishi yametulia."

Kioo kilikuwa kitupu.

"Nisomee mstari mmoja, Baba."

"Koo limekauka."

"Mmoja tu."

Akapitisha kidole tena. Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja ukurasa ufunguke. Kisha akakilaza magotini, polepole.

Kesho yake tulikuwa kliniki ya macho. Daktari, mama mmoja aitwaye Khalayi, alimpima kwa muda mrefu, akazima mashine yake na kuvuta kiti karibu nasi.

"Ni presha ya macho. Inakula kutoka pembeni ikija katikati. Katikati ndipo tunaposomea, kwa hiyo mtu hushtuka mwishoni."

"Si kile kioo?" niliuliza. Nilikuwa karibu kumwomba aseme ndiyo.

"Kioo huchosha macho. Ukiyapumzisha, yanarudi. Haya hayarudi. Hizo pete za rangi alianza kuziona lini?"

"Mwezi wa nne."

Aliandika. Aliandika tu, hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alitupa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki: mwanga, giza, na kivuli cha mtu akipita.

Baba Austine aliporudi Jumapili, alibisha hodi akiwa na mfuko wa samaki wakavu. Nilimrukia kabla hajaketi.

"Ulijua!"

"Nilijua, binti yangu. Kila asubuhi ukishatoka nilikuja kumsomea. Jioni yeye anakusimulia."

"Miezi mingapi?"

"Tangu mwezi wa saba."

"Na ukanyamaza, Baba Austine? Mtu mzima kama wewe?"

"Aliniapisha. Alisema, 'Huyu mtoto amepata kitu cha kunifanyia. Usimnyang'anye.'"

"Na alisoma vibaya, Mjaluo huyu," Baba akasema kutoka kwenye kiti chake. "Anaruka kurasa."

"Niliruka mapenzi, mzee. Sisi ni watu wa kanisa."

Hakuna aliyecheka. Baba Austine akaweka samaki mezani, akanigusa bega, akaenda zake.

Nilichuchumaa mbele ya Baba. "Kwa nini hukuniambia? Mimi ningekubeba mgongoni mpaka hospitali."

"Kila ukigusa kile kitu uliniuliza, 'Sasa je?' Na uso wako unangoja. Ningejibu nini?"

"Ungejibu huoni!"

"Nilidhani ni uzee, mwaitu. Nilidhani uzee ndio huo."

Nikalia kwa sauti, bila aibu, na yeye akageuza kichwa huku na huku akitafuta sauti inatoka wapi. Alipoipata, akatulia.

"Mara ya mwisho kukuona vizuri," alisema, "ni ule mwezi wa sita. Ulikuwa umesuka zile nywele nyekundu. Nikajiambia, tazama, mama yangu amekuwa kijana." Akatabasamu. "Bado unazo?"

Nilinyoa mwezi wa nane. Nikasimama, nikajipangusa pua.

"Ninazo, Baba."

Akanyoosha mkono azishike, nami nikarudi nyuma hatua moja.