Neno Lililo Juu ya Ubao

Katika somo la uendeshaji wa biashara, pale chuoni Kensington, huku ughaibuni, mwalimu aliandika neno moja ubaoni: MUDA. Nikacheka peke yangu. Akaeleza kwamba ni Kijapani, na maana yake ni upotevu, yaani chochote kinachoongeza gharama bila kumfaa mteja, hata mtu anayesimama kusubiri. Msingi wa kazi yetu, alisema, ni kuuona upotevu na kuuondoa. Nikayaandika yote.

Jioni nikapita mtaa wa Auburn kwa Mama Léocadie, Mkongomani anayefunga maboksi ghalani. Nilimkuta anasonga ugali huku anaimba.

"Elieshi, sasa kazini wanatuandikia Kiswahili," alisema. "Wametundika ubao, juu wameandika muda, na chini yake jina langu. Patron, bosi wetu, alinikuta nimesimama nangojea mashine ya gundi, akaandika. Ameona nachoka. Watanipa muda wa kupumzika."

Alitaka tumwombee patron wake kabla ya kula. Hasira ilinipanda, nikashindwa kufumba macho.

"Mama, hilo neno si letu. Ni Kijapani."

"Linasema nini?"

Nilitafuta namna ya kulilainisha, nikaikosa. "Kitu cha kuondolewa."

Aliuweka mwiko chini.

"Lakini iliyochelewa ni mashine," alisema. Kisha akaangalia begi langu la vitabu. "Na wewe, mwana wangu, kule chuoni unasomea nini?"