Kuku wa Kufunga Mwaka

...na wa kulaumiwa ni nani kama si yeye mwenyewe, maana hoteli iliuliza, ilipiga simu kabisa, kuku tumkate kichwa au tumlaze akiangalia chini, na yeye Fan, bosi mzima, kwa kiburi chake akajibu mleteni mzima kama alivyo, sisi ni watu wa sayansi, na sasa kuku huyu, mweupe, anang'aa mafuta ya ufuta, ameletwa na mhudumu mgeni asiyejua lolote, akawekwa na kichwa kimenyooka kumwelekea Ah-Fen, Chung Yu-fen mwenyewe, aliyekaa ng'ambo ya meza na kijiko chake cha supu hewani, na meza nzima imeacha kutafuna, kwa sababu hakuna mtu mji huu wa Hsinchu asiyejua kwamba kwenye karamu ya kufunga mwaka yule anayeelekezewa kichwa cha kuku na bosi ndiye hatarudi kazini sikukuu zikiisha, unga wake umeshamwagika, na watu hawa wanajua pia kuwa wenye hisa wamemwambia Fan achague, vikundi vya kuunda chipu ni viwili, kimoja cha Ah-Fen, na kimoja lazima kifungwe, na kwamba leo, kuku akishaliwa, atapanda jukwaani aseme ni kipi... kidole chake kiko kwenye kile kioo cha mezani kinachozunguka, alikigusa ili amgeuze kuku haraka, halafu kidole kikagoma. Amgeuzie wapi? Kushoto yupo mama Tseng wa hesabu, ambaye ameshaweka vijiti vyake chini, kulia yupo Lo Chih-hao na vijana wake wa chipu kubwa, wamekodoa macho, na huwezi kukipitisha kichwa kile mbele ya uso wa mtu halafu ukasema samahani, nilikuwa napita tu... jukwaani mshereheshaji anaita namba za bahati nasibu, jiko la wali la umeme limepata mwenyewe, makofi, mtu anapiga mluzi, huko meza za nyuma hawajaona kitu, heri yao.

Ah-Fen, jamani, Ah-Fen wa tangu wakiwa wawili tu juu ya duka la supu ya madonge ya nyama, moshi wa mifupa unapanda ngazi unawakuta wanalehemu mbao zao za kwanza za saketi, hata yule mteja wa Osaka akanusa ubao, akanusa tena, akauliza kwa heshima zote kama hii ni harufu ya kawaida, na Ah-Fen bila kucheka akamwambia ndiyo, ikianza kunukia uji ndipo uturudishie... siku hizo watengeneza chipu za kuchora picha kwenye skrini walikuwa wengi kama vibanda vya soko, kila mtu na lake, na lile Jitu lilikuwa bado si Jitu, lilikuwa kampuni tu kama nyingine, Fan alipata kunywa kahawa na watu wao kwenye maonyesho ya Taipei na akawaona wa kawaida, kisha kila mwaka kibanda kimoja kikakosekana, mwaka uliofuata kingine, wenyewe wameuza au wamefilisika au wamerudi kwao kulima chai, na Jitu likanenepa, na Fan akaapa, mbele ya kreti la bia na mbele ya Ah-Fen, kwamba yeye atalipiga mweleka kabla hajafa, lazima, hata mara moja... na hapo ndipo akamleta Chih-hao, kijana hodari, hapana ubishi, na chipu kubwa ya michezo ya kompyuta, na siku ya kuionyesha wapiganaji wote kwenye skrini wakatokea na nyuso za buluu, wageni wakadhani ni mchezo wa mizimu, Chih-hao akarekebisha buluu, miguu ikapotea, akarejesha miguu, mchezo mwingine ukakwama kabisa, na si kwamba chipu ni mbaya, Fan anaijua, ni nzuri, ni nzuri mno, ila wanaounda michezo hiyo huiunda kwa ajili ya chipu za Jitu kwanza, na wakipata nafasi ndipo wanakumbuka kuna wengine duniani, na hawapati nafasi, na Jitu lina watu wa kufukuzana na kila mchezo mmoja mmoja, yeye ana Chih-hao, ambaye mkewe sasa humletea chakula langoni kama mfungwa... na macho yake yamezama, ona, ni lini yalizama hivyo?

"Bosi, kuku anapoa," amesema Chih-hao, polepole, na Fan amemsikia kama mtu aliye chumba cha pili, maana anamtazama Ah-Fen, na Ah-Fen anamtazama kuku, wala hana hasira, hicho ndicho kinachomkata Fan maini, anamtazama kama mtu aliyeshafungasha. Mwanamke wa kijivu, vijana wanamwita hivyo, si kwa ubaya, kwa sababu wao wanahangaika na rangi na miali na maji yanayometameta, na yeye miaka yote anashughulika na kijivu, cha jivu, cha moshi, cha asubuhi yenye ukungu, chipu ndogo ya skrini za hospitali, haina moto, haina kelele, na yule Mjerumani anayeunda mashine za ultrasaundi hataki hata kusikia habari za chipu mpya, anataka ileile, ileile kabisa, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mashine yake ikishapasishwa haitakiwi kubadilishwa kitu, na Jitu hubadilisha kila kitu kila mwaka, Jitu haliwezi kumwahidi mtu hivyo, lingeona haya... alimwambia, Ah-Fen, mara moja tu alimwambia, kwenye lifti. "Wewe unataka kulipiga mweleka, Bosi. Mimi nataka tukae pale ambapo haliwezi kuinama." Na yeye akacheka, mungu wangu, alicheka, akamgonga bega, lifti ikafunguka.

Na ile siku ya kliniki, binti yake amelala, daktari anapitisha kile kidude tumboni, na Fan, babu mtarajiwa, amepiga magoti anachungulia nyuma ya mashine atafute alama ya kiwanda, akaiona, ni yao, chipu ya Ah-Fen iko humu ndani, akapaza sauti kwa furaha, na mkewe akamvuta kola, "Mtoto yuko juu kwenye skrini, wewe unamtafuta huko chini?" na akainuka, akaona... pua. Pua ndogo, ya kijivu, ya ukoo wa Fan bila shaka yoyote, na mkono unafungua na kufunga, alilia pale, hakumwambia mtu, na alirudi ofisini akaenda moja kwa moja kwa Chih-hao kuuliza habari za buluu. Kwa Ah-Fen hakupita. Mlango wake ulikuwa wazi, taa inawaka, hakupita hata kusema nimemwona mjukuu wangu kupitia kwako... Ni nani basi kwenye meza hii mwenye ugonjwa wa Jitu? Si Chih-hao, Chih-hao aliambiwa. Vijana hawa wakifundishwa kijivu watakijua kabla mvua za plamu, zile za mwezi wa Mei, hazijaanza, wenye hisa walitaka kikundi kifungwe, hawakusema watu watupwe, na wa kuwaongoza yuko pale na kijiko chake, siku zote alikuwa pale. Aliyebaki bila kazi ni mmoja tu, mwenye ugonjwa wenyewe, na haikumuuma Fan kama alivyodhani, ilikuwa kama kuvua viatu.

Akasukuma kioo. Kuku akapita mbele ya Chih-hao, aliyefumba macho, akapita mbele ya vijana mmoja mmoja, akaja akasimama, kichwa kikimtazama Fan usoni, na meza ikapumua, kisha ikacheka, maana ndivyo mabosi waungwana wanavyofanya, kujielekezea kuku ili kila mtu ale kwa amani. "Kila mwaka mabosi hujifukuza," akasema Chih-hao, sauti imemrudi, "na sikukuu zikiisha wao ndio wa kwanza langoni," wakacheka tena, Fan naye akacheka, jukwaani jina lake likaanza kuitwa. Ah-Fen peke yake hakucheka. Alimtazama, akaweka kijiko chini.

"Unatania, Bosi?"

"Kula kwanza, Ah-Fen," akasema, na kidole chake kilikuwa bado juu ya kioo. "Utahitaji nguvu."