Tui Badala ya Maziwa

...na kisu alichonipa ni kile butu, chenye mpini uliofungwa waya, kile kikali sijui amekificha wapi, au hakukificha, labda kiko kwenye beseni la vyombo, lakini siku hizi kila kitu katika jiko hili nakitazama mara mbili, hata hili embe nalitazama mara mbili, dodo lililoiva mpaka linanata vidoleni, nalizungusha, ganda linashuka utepe mrefu, na yeye mke wangu amenipa mgongo, anakoroga, simu ameibana kati ya sikio na bega, anaongea na binti yetu muuguzi kwa ile sauti ya chini, sauti ya watu wanaozungumza mbele ya mgonjwa au mbele ya mwizi, na mimi bado sijajua mimi ni yupi kati ya hao wawili... “Ndiyo, tui,” anasema, “lile zito naliweka mwisho, moto mdogo, lisije likakatika,” haya, tui, tena tui, nyumba hii maziwa yamehama kama mpangaji aliyeshindwa kodi, na hakuna aliyeniaga, mimi ambaye karakana nzima waliniita Ndama, kwa sababu saa ya mapumziko wenzangu walikunywa chai na mimi nikanywa maziwa, kikombe kizima, ya moto, povu juu, masharubu meupe kabla ya uzee, mimi ndiye wa kuondolewa maziwa kimyakimya... alianza kwa kusema yule mleta maziwa anaongeza maji, nikasema sawa, tutafute mwingine, mwingine naye ndoo zake zikawa chafu, kisha friji ikafa, na mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, friji si kazi yangu, lakini nilipochungulia nyuma nikakuta waya umechomolewa tu, umelazwa vizuri kando ya ukuta, nikauchomeka, friji ikanguruma, kesho yake nikaukuta umechomolewa tena, tukaishi hivyo, mmoja anachomeka, mwingine anachomoa, na mezani tunaulizana habari za kazi.

Halafu ukaingia msimu wa maembe, akapata pa kujifichia, kwani nani atalalamika akipewa maembe, asubuhi uji una embe lililopondwa, mchana embe bichi kwenye mchuzi wa samaki, jioni wali na embe lililokatwakatwa na pilipili kidogo, keki ya maembe ameikanda kwa mafuta, siagi haikuonekana hata kwa harufu, na viazi, hata viazi, vile alivyokuwa akiviponda kwa maziwa sasa anaviponda kwa tui, anadhani ulimi wangu umekufa, na kibaya zaidi ni kwamba ni vitamu, kitu kikiwa kitamu hivyo lazima kuna kinachofunikwa, najua kazi, kiungo cha chuma kinachong'aa sana juu kigonge kwa nyundo usikie, ndani mna tundu... na yule muuza matunda wa kona, anamchagulia moja moja, anabonyeza karibu na kikonyo, ananusa, anamwambia haya ya leo, shemeji, haya ya kesho kutwa, tangu lini mimi nimekuwa na ndugu anayeuza maembe... “Hapana, matatu yanatosha, mengine anamenya hapa baba yako,” anasema, na anacheka, wananicheka, nashika embe la pili... fundi mwenzangu aliniambia, kwa utani, tukiwa tunapaka rangi geti, kwamba mwanamke akibadilisha mapishi ghafla ama amepata mtu ama anakuwekea kitu, nikacheka, naye akacheka, lakini tangu siku ile nasubiri mke wangu aonje kwanza, nasingizia chakula cha moto, naye anaonja, ila anaweza kuwa ameweka kwenye sahani yangu peke yake, ndiyo maana siku moja alipoinuka kufuata chumvi nikabadilisha sahani, nikamkodolea macho anavyokula, tonge kwa tonge, mpaka akaniuliza kama ana kitu usoni, nikasema hapana, umependeza, na hilo nalo lilikuwa kweli, na kumbe mtu anaweza kumshuku mke wake na kumtamani katika kijiko kilekile...

“Hajui kitu,” anasema.

Kisu kinasimama. Hajui kitu, nani hajui kitu, katika nyumba hii ni mmoja tu anayeweza kuwa hajui, kikulacho ki nguoni mwako, na masikio yanasogea kwake yenyewe... “Hajui, naye anadhani mimi sikuwa naona,” anasema, “mkono ulikuwa haubanduki hapa, chini ya mbavu,” na anajigusa, kwa mkono usio na mwiko, palepale, mahali penyewe, na mimi nasikia moto unanipanda shingoni kama mtu aliyefunguliwa mlango bafuni, maana pale hakuna anayepajua, pale ni pangu na marehemu kaka yangu, kaka alianza hivyohivyo, kushika hapo, kutoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine, anasema ni kiungulia, anasema ni uchovu, mpaka siku tulipombeba mkanda umemzunguka karibu mara mbili, na maumivu yangu yalipoanza nikajua, nikasema hii ni ile ya kaka, ni ya ukoo, imenifuata, sikumwambia mtu, ningemwambia nani, nilijifunika barakoa ya kuchomelea, ndani ya ile barakoa hakuna anayeuona uso wako, nimelia humo nikiwa nimesimama wima na geti la watu likakamilika, wakalisifu... mficha maradhi kifo humuumbua, methali naijua tangu shule, ila kuijua methali si kupona... “Kila akimaliza kile kikombe chake,” anasema, “mkono pale. Nikawa nahesabu moyoni. Asipokunywa, hakuna mkono. Kwa hiyo nikayaondoa yote, halafu siku ile ya mvua nikamtilia kidogo kwenye viazi, kidogo tu, nione,” siku ya mvua, naikumbuka siku ya mvua, nilijikunja nyuma ya tangi la maji nikasingizia natafuta koleo, kumbe alikuwa ananiwekea kitu kweli, fundi mwenzangu hakukosea, ananiwekea kitu, na kitu chenyewe ni maziwa... “Nililia kwa kumfanyia vile,” anasema, “lakini ningejuaje?”

Lini mara ya mwisho, najitafuta, kama ninavyopaka povu la sabuni kwenye tangi nikitafuta panapovuja, napita juu, napita chini, hapa chini ya mbavu nabonyeza kwa kiwiko asione, hakuna maumivu, jana hakuna, wiki yote hii ya maembe hakuna, na mkanda, Mungu wangu, mkanda juzi nimeulegeza, nikaogopa nikadhani ni uvimbe, na kumbe ni kunenepa, ni viazi vya tui na keki isiyo na siagi, nilikuwa nanenepa huku nikijichagulia kaburi, nilikuwa nimeshapanga nani atarithi mashine... au ananidanganya, au anajua nasikia, mtu aliyechomoa friji bila kuhema anashindwa nini, lakini mgongo wake haudanganyi, umeinama kidogo upande wa simu kama wa mtu anayebeba mtoto... “Nimwambie?” anasema, binti lazima amemuuliza, “Nimwambie baba yako? Anayesema mwanamume gani atashindwa na maziwa? Angekunywa ndoo nzima kunionyesha,” na ni kweli, ningekunywa, najijua, ningekunywa na kupangusa mdomo, ningekufa nikiwa mshindi... “Sidhani kama ni yale ya marehemu shemeji yangu, Mungu apishe mbali,” sauti inashuka zaidi, mwiko unapunguza mwendo, “lakini sitaki kubahatisha. Jumatatu nampeleka akapimwe. Nitamwambia ni mimi ninayeumwa, naogopa kwenda peke yangu. Kwa ajili yangu atakuja,” narudia moyoni, kwa ajili yangu atakuja, anasema hivyo kama mtu anayesema jua litatoka, mimi niliyebadilisha sahani, mimi niliyemwonjesha kwanza kama mfalme mwoga, yeye alikuwa ameshanipangia uongo ambao ndani yake mimi ni mtu mwema... “Haya mwanangu, uji unaanza kushika, nikupigie baadaye,” anasema, simu inashuka, ananyunyiza iliki, anaonja, anaongeza chumvi chembe, hageuki, sufuria inatoa mapovu mazito, moja moja, puf, puf, na embe la mwisho mkononi mwangu limemenywa nusu, kokwa limetokeza, nyuzi zake zimenyooka upande mmoja, na mimi nina miaka, inaonekana nina miaka, sijui niifanyie nini, kwanza nifanye hili lililo mkononi.

“Hiyo Jumatatu,” nasema, “nivae shati gani?”

Mwiko unasimama. Mabega yake yanapanda, yanabaki juu, hayashuki, nasubiri, mapovu yanaendelea, puf, kisha anaupangusa mwiko ukingoni mwa sufuria, upande huu, na upande huu, anapangusa kitu ambacho hakipo.

“Lile lenye vifungo vyote,” anasema kwa mgongo. “Na ukate vidogo vidogo, mume wangu. Tui nalitia sasa hivi.”

Nakata.