Kibao Namba Kumi na Saba

Kwa miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye kibanda cha njia ya kwenda kisiwa cha Kameshima na sijawahi kumwacha mtu ng'ambo. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonitia kiburi, na kiburi ndicho kilichoniponza.

Kazi yenyewe si ngumu. Maji yakipwa, njia ya mawe inajitokeza kati ya pwani na kisiwa, na wageni wanavuka kwenda kupiga picha kwenye Mwamba wa Dirisha, lile tundu kubwa lililotobolewa na bahari. Anayevuka anachukua kibao cha mti chenye namba kutoka kwenye ubao wangu. Akirudi, anakitundika palepale. Maji yakianza kupanda na vibao vyote thelathini vikiwa vimerudi, nafunga mnyororo. Maji yakijaa, mawimbi yanapita tunduni na kukisafisha kile kibaraza cha mawe ambapo kila mtu anataka asimame apigwe picha. Hapo hata mwenye miguu ya chuma hasimami.

Siku ile ya Septemba alikuja dada yangu Chizuru kutoka Osaka. Ana miaka sitini na saba na goti lake la kushoto limekwisha. Alikuja kuniambia kwamba anataka kuyatoa majivu ya mama kwenye kaburi la hapa, ayapeleke kwenye hekalu la karibu na kwake. Aliniambia mbele ya kibanda, asubuhi, wageni wakipita.

"Tomoe, tunazeeka. Nani atalisafisha hilo kaburi?"

"Nalisafisha mimi. Miaka ishirini nalisafisha mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini."

"Na mimi nilikuwa nacheza?"

Isaji, anayechoma ngisi chini ya hema la jirani, akapaza sauti. "Jamani, punguzeni moto! Ngisi wangu wanaungua!"

Hatukumjali. Chizuru alinyoosha mkono akachukua kibao namba kumi na saba. "Nakwenda kuliangalia Dirisha. Tangu niolewe sijaliona."

"Nenda. Na ukitaka, usirudi."

Ndivyo nilivyomwambia. Wala sikumtazama alipokuwa akivuka, akiutumia mwavuli wake kama mkongojo.

Mbingu ilikuwa safi siku hiyo, lakini kulikuwa na dhoruba mbali kusini na mawimbi yake yalikuwa yameanza kutufikia, makubwa, ya polepole. Mabasi mawili yalishusha watu kwa mpigo. Nilikuwa nikikemea wenye viatu vya visigino, nikielekeza choo, nikirudia mara mia kwamba ndiyo, ile aiskrimu nyeusi ina wino wa ngisi, na hapana, haiui. Kwenye saa nane u nusu bwana mmoja mwenye kofia nyeupe akainama mbele yangu, akaninyooshea kibao kwa mikono miwili.

"Samahani sana kwa usumbufu. Hiki kilikuwa kimeanguka kwenye ngazi."

Nikainama, nikakipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Akainama tena, nami nikainama tena. Ndivyo tulivyolelewa: kilichoanguka kinarudishwa kwao, na aliyekirudisha anashukuriwa, basi. Ngazi tunazo za aina mbili, hizi zetu za kushukia pwani na zile za kisiwani. Sikumuuliza ni zipi. Nikakitundika kwenye msumari wake bila kuifikiria namba, nikakinyoosha, nikageukia watu wanne waliokuwa wakisubiri nyuma yake.

Saa tisa kasoro robo ubao ulijaa. Nikahesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na vilikuwa thelathini. Chizuru simwoni. Nikajua amenuna, ametundika kibao chake nikiwa nimegeuka, amekwenda zake stesheni bila kuaga. Nikasema moyoni, na aende. Nikafunga mnyororo, nikaipa bahari mgongo, nikaenda kunywa chai kwa Isaji.

Nusu saa baadaye niliingia kibandani kuchukua ufagio. Chini ya benchi kulikuwa na mkoba wa Chizuru. Ndani yake mlikuwa na dawa zake za presha na tiketi ya treni ya saa kumi.

"Isaji, umemwona dada akipita?"

"Dada yako? Si alivuka kwenda kule? Mimi niko hapa tangu asubuhi, hajapita."

"Vibao vimetimia."

"Vibao havina miguu, Tomoe."

Nikautazama ubao. Namba kumi na saba ilikuwa imetundikwa vizuri, imenyooka, maana mimi ndiye niliyeinyoosha. Nikaiona tena akilini ile kofia nyeupe, ile mikono miwili. Kile kibao nilikitundika mimi, na dada yangu yuko upande wa pili.

Njia ilikuwa imeshazama. Yalibaki mawe mawili tu, nayo yakionekana na kupotea. Isaji akapiga simu bandarini. Wakasema mashua italizunguka rasi, dakika ishirini.

"Subiri mashua," Isaji akaniambia. "Tomoe, nakuomba."

"Dakika ishirini hana. Kupanda hawezi, ana goti bovu. Lete ile kamba ndefu ya hema lako."

Nilizamia abalone, wale konokono wakubwa wa baharini, kwa miaka thelathini, na sijawahi kuyaogopa maji kama siku ile. Nilijizungushia kamba kiunoni, fundo likanishinda, Isaji akanifungia. Akaizungusha ncha nyingine kwenye nguzo ya mnyororo. "Ukivuta mara mbili, nakurudisha. Hata kama hutaki," alisema.

Maji yalinifika kiunoni, kisha kifuani. Wimbi moja liliniinua miguu kwenye mawe, nikanywa chumvi, nikapapasa hadi nikalishika jiwe jingine. Niliita, "Dada! Dada!" Mawimbi yalikuwa yakinguruma tunduni hata mwenyewe sikujisikia. Nikafika, nikazunguka pembe ya mwamba.

Kibarazani hapakuwa na mtu. Wimbi lilipita Dirishani, likafunika kila kitu, likarudi nyuma, na kwenye povu ukawa unaelea mwavuli wake.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nilijua kwamba nimemuua Chizuru, na kwamba nitakaa kwenye kile kibanda nikiuangalia ule ubao mpaka nife.

Ndipo nikasikia mluzi. Ulikuwa mwembamba, mrefu, ule tunaoutoa sisi wazamiaji tunapoibuka kuvuta pumzi. Mama alitufundisha sote wawili kabla hatujaanza shule. Nikatazama juu. Kwenye ule mwamba kumefungwa kamba nene ya majani ya mpunga kwa heshima ya miungu, na Chizuru alikuwa ameikumbatia, amekaa kwenye ufa usiotosha hata paka wawili. Kucha zake zilikuwa zimetoka damu. Goti lile bovu lilikuwa limevimba, limejaa michubuko.

Nilipanda. Nikajibana pembeni yake, nikamfunga kamba yangu na yeye, nikamkumbatia nikilia kwa sauti. Mawimbi yalikuwa yakiturushia maji miguuni. Mbali, mashua ilianza kuonekana kwenye rasi.

"Kwa nini hukuita?" nilimuuliza. "Kwa nini, dada?"

"Niliita." Meno yake yalikuwa yakigongana. "Nilisimama pale pembeni, nikapunga mwavuli. Nilikuona wazi kabisa, Tomoe. Ulifunga mnyororo ukanipa mgongo."

"Sikukuona! Kibao chako kilirudi, kuna mtu alikiokota, mimi nikakitundika, nikadhani..."

"Ahaa," alisema. Alivuta pumzi. "Mimi nikajua umeshaamua."

Alilisema kwa upole, bila kunilaumu. Muda wote ule alikuwa amekaa pale juu akiamini kwamba nimemwacha makusudi, na hakushangaa. Nilitaka kumwambia kwamba nisingeweza, lakini nikayakumbuka maneno yangu ya asubuhi, nikamshika tu mpaka mashua ikafika.