Matundu Sita ya Pini

Babu yenu alishakalia miwani yake mara mbili, nikaamua kumshonea kifuko. Ngozi ilikuwa kipande kimoja tu. Mimi, mshona nguo wa siku nyingi, nikakibana kwa pini. Mdogo wangu, fundi viatu, akanikuta cherehanini.

“Dada, kitendawili!”

“Tega.”

“Ukimchoma mmoja anapona, ukimchoma mwenzake kovu halimtoki.”

“Kitambaa na ngozi,” nikajibu, roho ikaniruka. Nikachomoa pini: matundu sita, tena upande wa mbele!

Basi nikakibana upya kwa vibanio vya kuanikia nguo, nikashona taratibu hadi mwisho.

Babu yenu akakigeuzageuza. “Na haya matundu?”

“Ya kupumulia miwani.”

Alicheka hadi akaivua afute machozi, kisha mwenyewe akaitumbukiza kifukoni.