Muhuri wa Jumatatu

Barua zote za mji ule ziliingilia mlango mmoja: jengo la halmashauri, ghorofa ya chini, chumba cha pili kushoto ukishapita ngazi. Chumba chenyewe chembamba kama koo la chupa. Kabati tatu za mafaili, dirisha la nondo, na meza iliyosuguliwa na viwiko mpaka ikang'aa kama kipara. Nyuma ya meza hiyo alikaa karani wa masijala, mwaka wake wa ishirini na mbili huo, na kila mtu, kuanzia madiwani hadi wafagizi, alimwita Mama Muhuri.

Jina lilimkaa. Barua haikuwa barua mpaka yeye aigonge. Paa! IMEPOKEWA, na tarehe chini yake. Halafu anaiandika kwenye daftari kubwa: namba, imetoka kwa nani, inahusu nini. Saa kumi jioni anapiga mstari mwekundu chini ya barua ya mwisho, na siku imefungwa. Ijumaa katibu wa halmashauri huteremka mwenyewe kutia sahihi chini ya mstari huo, mkono wa pili tayari umeshika funguo za gari.

Sasa, Mama Muhuri alikuwa na kitabia kimoja ambacho hakuna aliyemfundisha wala aliyemkataza. Ikifika saa tisa na nusu, watu wakishapungua, aliligeuza lile gurudumu dogo la tarehe akaliweka siku ya kazi inayofuata. Asubuhi ina vurugu zake, alijiambia, heri nikute muhuri umeshavaa viatu. Miaka yote hiyo halikutokea neno.

Ijumaa moja, saa kumi kasorobo, mlango ukasukumwa na goti. Aliyeingia alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, muuza nyanya na katibu wa wanawake wa soko. Alikuwa anahema kama aliyefukuzwa.

"Wifi, ndiyo saa za kuja hizi? Si ungengoja nizikwe kabisa!"

"Nikuzike, halafu nani anigongee? Shika hiyo. Hata pumzi sina."

Mama Muhuri aliijua barua hiyo kabla hajaifungua. Tangazo lilikuwa ubaoni siku ishirini na moja: halmashauri inakusudia kuligeuza soko kuwa maegesho ya magari, mwenye pingamizi aandike, mwisho Ijumaa saa kumi. Ikifika barua moja tu ndani ya muda, kamati lazima iwaite watu na kuwasikiliza. Isipofika, mpango unapita, na matingatinga yanaingia. Wifi alikuwa amesomesha watoto wanne kwa meza moja ya nyanya pale sokoni.

"Sahihi arobaini na tatu," wifi alisema, "na nakala tatu, kila mtu katia mara tatu. Wengine nimewafuata hadi majumbani. Yule wa ndizi nimemkuta anaoga, katia sahihi mkono unatoka povu."

"Ndiyo maana hapa pamelowa."

"Povu la haki hilo. Gonga, mke wa kaka, usinitazame."

Akagonga huku anacheka. Paa kwa ya ofisi, paa kwa nakala ya wifi. Ya tatu ikabaki safi. Akaiandika daftarini, namba mia mbili na kumi na nne. Saa kumi akapiga mstari wake, katibu akateremka, akatia sahihi, akaondoka. Wote waliuona muhuri. Tarehe yake hakuna aliyeisoma.

Jumatatu asubuhi, kabla hajavua hata mtandio, wifi alikuwa mlangoni. Safari hii hakuwa na utani.

"Umeniua, wifi."

Akaiweka nakala mezani. Mama Muhuri akavaa miwani, akasoma, akavua, akaifuta, akasoma tena. IMEPOKEWA, Jumatatu. Tarehe ya leo. Siku tatu nje ya muda.

Akakaa. Barua yenyewe ilikuwa bado kwenye sinia, inangoja kupelekwa juu, na kamati ya mipango ilikuwa inakaa saa nne.

"Sikiliza," wifi alinong'ona, akaufunga mlango kwa kisigino. "Nina ile nakala ya tatu, safi. Rudisha hilo gurudumu, gonga uiweke kwenye sinia, ile mbovu ichane. Si kweli nimekuja Ijumaa? Humdanganyi mtu."

Na kweli, asingemdanganya mtu. Mama Muhuri alichukua muhuri. Akarudisha gurudumu, likalia tik, tik, tik, Ijumaa ikatokea. Akauweka kwenye wino. Mkono ukabaki hewani.

Aliwafikiria wote waliowahi kusimama mbele ya meza ile wakimbembeleza arudishe siku moja tu: wenye viwanja, wenye zabuni, mkubwa mmoja aliyekuja na tabasamu pana kuliko mlango. Aliwaambia wote kwamba muhuri huu haujui kutembea kinyumenyume. Leo autembeze kwa sababu ya wifi?

"Siwezi," alisema, akalirudisha gurudumu Jumatatu.

"Nilijua!" Machozi yakamtoka wifi. "Kaka yangu kaoa kabati la mafaili!"

"Lia, lakini nifuate. Kosa nililifanya mimi, nitalisema mimi."

Saa nne, barua ikiwa imekwishapelekwa juu, wakapanda ngazi, Mama Muhuri amekumbatia daftari kama mtoto mgonjwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa diwani mwenye sauti nzito, na ule mpango wa maegesho aliubeba yeye tangu mwanzo. Katibu alisoma: pingamizi limekuja moja tu, nalo lina tarehe ya leo, kwa hiyo limechelewa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Mama Muhuri alisema toka mlangoni. "Halikuchelewa. Muhuri ndio uliwahi."

Akakieleza kile kitabia chake chote, bila kujipunguzia. Diwani mmoja akacheka, akaacha.

"Na sisi tukuamini kwa lipi?" mwenyekiti aliuliza. "Huyo mama si wifi yako?"

"Ni wifi yangu, ndiyo."

"Basi lete hilo daftari."

Mwenyekiti alilitandaza mezani, akashusha kidole polepole. Mia mbili na kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Mstari mwekundu. Kidole kikasimama. Mama Muhuri, kwa woga wake wote wa asubuhi, hilo hakuwa amelikumbuka kabisa.

"Katibu," mwenyekiti aliita, "hii sahihi chini ya mstari ni ya nani?"

Katibu akainama, akasogeza miwani. "Ni yangu."

"Ya lini?"

"Ijumaa. Saa kumi."

"Na barua ya soko ipo juu yake au chini yake?"

Katibu akakohoa. "Juu yake, mheshimiwa."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alilitazama daftari kwa muda, mtu anayeona maegesho yake yanampita mbele ya macho, kisha akalifunga taratibu.

"Sikupenda, lakini ndivyo lilivyo. Pingamizi limefika ndani ya muda. Wanawake wa soko waitwe Alhamisi tuwasikilize."

Kwenye ngazi wifi alimkumbatia mpaka miwani ikadondoka. "Wote arobaini na tatu tunakuja! Na yule wa ndizi, safari hii amekwisha kauka!" Mama Muhuri alishikilia ukuta. Pumzi aliyoibana tangu asubuhi ilimtoka yote kwa mkupuo, akajikuta anacheka na kulia pamoja.

Alasiri ikateremka barua ya onyo kutoka kwa katibu, ya kwanza katika utumishi wake: ni marufuku kugeuza tarehe kabla ya siku yenyewe. Aliisoma mara mbili, akaona ni haki. Akaugeuza muhuri juu chini, akautazama: Jumatatu.

Paa!

Akaiandika daftarini, namba yake na yote, na kwenye safu ya "inahusu nini" akajaza kwa mwandiko mzuri: karani wa masijala.

Saa ilikuwa tisa na nusu. Aliweka mikono mapajani, asiguse kitu, akaingoja saa kumi.