Sauti Huingizwa Mwisho

Machano Faki alikuwa mbishi tangu ujana wake, na ubishi huo ndio uliomlea. Alishuka Durban miaka ya tisini akiwa na gitaa moja na shati alilovaa, akaimba kwenye vilabu vya mtaa wa Point wakati ambapo Mzanzibari kuimba rege pale lilikuwa jambo la kuchekesha. Waliomcheka wakazoea, kisha wakaanza kulipa kiingilio. Akatoa kanda, baadaye CD, akawarekodia vijana chungu nzima. Baadhi wakapata majina makubwa wakasahau hata namba yake ya simu. Yeye akabaki ghorofa ya tisa pale South Beach, nywele zake ndefu zimejaa mvi, studio yake ni chumba cha kulala kilichobandikwa magodoro ukutani.

Sasa koo lilikuwa limemgeuka. Jumatatu angelazwa, na daktari hakumficha kitu: kikoromeo chote kitatolewa. Ataishi, inshallah, lakini sauti ndiyo basi tena. Akaonywa pia kwamba hiyo iliyobaki inaweza kukatika hata kabla ya kisu.

Binti yake wa pekee, Lulu, mwanafunzi aliyepanga chumba Glenwood, alilia mpaka macho yakavimba. Alipomaliza kulia alikuja na ombi moja.

"Baba, niongelee kwenye simu. Nikurekodi. Sema chochote."

"Chochote? Kwani mimi mtangazaji wa redio?"

"Sina sauti yako, Baba."

"Na kanda zote zile kabatini?"

Lulu akatazama chini. "Eish, Baba. Yule wa kwenye kanda mimi simjui."

Likamchoma, maana lilikuwa kweli. Albamu zake zote aliimba Kiingereza, tena kile cha Jamaika ambako hajawahi kutia mguu, sauti kaibana puani kama mtu mwenye mafua. Soko ndivyo lilivyotaka, alikuwa akisema. Sauti yake mwenyewe, ya Kiswahili chake cha nyumbani, ile iliyomwita Lulu utotoni arudi ndani ale, haikuwekwa popote. Hata WhatsApp hakuwa mtu wa kutuma sauti. Ukimwandikia ukurasa mzima anakurudishia kidole gumba.

Mtu mwenye akili timamu angeichukua simu ya mtoto palepale akazungumza mpaka betri izime. Lakini huyu alikuwa Machano. Akasema atamtungia wimbo, wa Kiswahili, wenye jina lake, aje auchukue Jumapili. Na tangu siku hiyo akafunga mdomo. Sauti anaitunzia wimbo! Chai aliomba kwa mkono, chumvi aliomba kwa mkono, na mkewe Agathe akawa hajui acheke au apige mayowe.

Agathe alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mwitikiaji wake jukwaani kabla hajawa mke wake. Aliijua kazi ya mumewe kuliko mtu yeyote, ndiyo maana aliogopa. Machano hakurekodi kwa kompyuta. Alikuwa na mashine kubwa ya mkanda, ya njia nane, kila chombo na njia yake, aliyoipangusa kila asubuhi kwa kitambaa laini, na wakati wa kurekodi simu zote zilifungiwa jikoni ndani ya sufuria zisije zikanguruma kwenye spika. Vyombo vilianza, wakafuata waitikiaji, na sauti ya mwimbaji iliingizwa mwisho, muziki wote ukishaiva. Sauti hiyo ilikuwa na njia moja tu. Ukiimba mara ya pili unaimba juu ya ile ya kwanza, na ile ya kwanza inafutika, haipo tena duniani.

Zamani alifanya hivyo kwa sababu mikanda ilikuwa adimu. Baadaye akaifanya dini. Mwimbaji akijua kwamba ya kwanza imehifadhiwa, alisema, ya pili ataiimba kivivu. Alikuwa na neno moja lililowatoa jasho waimbaji wa mji mzima: "Futa." Waliomchukia walikiri kwamba kazi zilizotoka chumbani mle hazikuwa na doa.

Wiki nzima ile walifanya kazi. Mashine aliishika Ruphin, Mkongomani mwenzake Agathe, fundi wa simu mwenye kibanda chake Overport, ambaye alimsaidia Machano kwa miaka mingi bila kumbishia. Ngoma zikakaa, besi ikakaa, gitaa na kinanda vikakaa. Agathe akaingiza mwitikio wake. Wimbo ulimhusu Lulu alipokuwa mdogo, alivyopenda kujificha ndani ya lifti ya jengo, akipanda na kushuka nayo, baba yake akimwita kutoka mlangoni. Kila Machano atakapoimba, "Lulu, njoo ndani," Agathe ajibu, "Anakuja, baba, anakuja." Basi mwanamke wa watu akasimama peke yake akijibu maneno ambayo bado hayajaimbwa.

Jumamosi asubuhi ikawa zamu ya sauti.

Machano alisimama mbele ya kipaza sauti, Ruphin akabonyeza kitufe chekundu. Sauti ilitoka imekwaruza, lakini ilitoka. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili kikohozi kikamshika, na kilipomwachia mstari ulikuwa umeshampita. "Ebo! Hapa nimesahau, mwanangu," akasema, akacheka, na badala ya kuimba akaanza kusimulia tu, juu ya muziki, namna alivyomkuta siku moja amelala kwenye lifti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. "Nikakubeba, ukaniambia usingizini, Baba usifunge mlango." Kisha akarudi kwenye wimbo akamalizia.

Agathe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, machozi yanamshuka. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumsikia mumewe mwenyewe, yule wa nyumbani, ndani ya chumba kile. Alimsikia leo.

"Vipi?" Machano akauliza.

"Vieux, muzee wangu, ile iko muzuri," akasema Ruphin. "Iko bien kabisa. Tuiache."

"Nimekohoa."

"Si ulikohoa kwa sababu unagonjwa?" Agathe akasogea. "Baba Lulu, mutoto alitaka weye. Haiko ule wa Jamaika. Weye. Voilà, umemupa. Acha ikae."

"Maneno nimesahau, nyie hamkusikia?"

"Basi tuiweke mu ordinateur, vieux," Ruphin akasihi. "Copie moja tu. Kiisha utaimba ingine."

"Kompyuta haiingii humu."

Alisema kwa ukali, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Aliwaza jinsi Lulu atakavyoucheza wimbo ule kwa watoto wake atakaowazaa, nao wamsikie babu yao akikohoa kama mbuzi na kupotea katikati ya ubeti. Maisha yake yote hakuwahi kumwachia mtu kazi yenye doa, aje amwachie mwanawe? Alitaka Lulu amkumbuke mzima. Koo lilimwasha, na alijua fika kwamba anacheza na moto.

"Futa," akasema.

Ruphin alimtazama Agathe. Agathe akasimama mbele ya mashine, mikono kiunoni.

"Ukifuta hii, Machano, mi natoka mu hii nyumba." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina mbele ya watu.

"Mama Lulu, nitaimba vizuri zaidi. Nakuahidi. Mara moja tu."

Pengine kilichomlegeza ni neno hilo nakuahidi, maana halikuwa la kawaida yake. Agathe akasogea pembeni, na mpaka leo hajajisamehe. Ruphin, aliyekwisha kutii neno lile mara zisizo na idadi, akaurudisha mkanda mwanzo, akabonyeza.

Mstari wa kwanza ulitoka safi kuliko mwanzo. Machano mwenyewe akatabasamu. Alipofika pa kuita jina akafungua mdomo, akasema "Lu", na kitu kikakatika ndani ya koo lake. Akajaribu tena, ukatoka upepo. Ruphin akainua mkono kutaka kusimamisha mashine; Machano akampungia kwa hasira asithubutu, labda itarudi kwenye ubeti wa pili. Haikurudi. Mkanda ukaenda mpaka mwisho wa wimbo ukirekodi pumzi ya mtu anayejaribu.

Wakampa asali na tangawizi. Wakamfunika shuka juu ya sufuria ya maji ya moto. Mchana kutwa alikaa kitandani akijigonga shingo kwa vidole, akifungua mdomo na kuufunga, macho yamemtoka. Hata kunong'ona kulimshinda.

"Ruphin," Agathe akasema hatimaye, "rudisha ile ya kwanza."

"Haiko, maman."

"Haiko namna gani?"

"Tulipita juu yake yote. Haikubaki hata kidogo."

Agathe akakaa sakafuni. Hakumfokea mumewe, angemfokea nini sasa? Machano alishuka kitandani akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, akamshika miguu. Agathe akaiacha mikono yake palepale chini, hakumgusa.

Jumapili adhuhuri Lulu akaja, ameazima spika za masikioni za rafiki yake, zile nzuri. "Shikamoo, Baba!" Machano akamkumbatia, asimwachie. Agathe alikuwa amejiandaa kumwambia tangu alfajiri, akafungua mdomo, yakaja machozi badala ya maneno. Lulu akadhani ni ya hospitali ya kesho.

"Sharp, Baba, sawa tu, usiongee," akasema, maana wiki nzima alishamzoea bubu. "Tunza sauti. Mimi nataka wimbo wangu tu."

Machano alisimama. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Akamchomekea zile spika kwenye mashine, akachomoa tena, akaamua wasikie wote, akabonyeza mwenyewe.

Ngoma zikaanza, besi ikafuata. Lulu akacheka kwa furaha, akaanza kutikisa kichwa. Mstari wa kwanza ukapita, safi, wa baba yake hasa, na Lulu akashika kifua. "Lu," ikasema mashine. Baada ya hapo ikawa pumzi tu, na sauti ya mama yake ikijibu, "Anakuja, baba, anakuja."

"Maman, unamjibu nani?" Lulu akauliza, bado anatabasamu. Pumzi ikaja tena, nzito, akaona ndiyo anajiandaa aimbe. "Baba, sasa unaingia wapi?"

Machano akainua kiganja, kama anamwomba asubiri kidogo. Lulu akasubiri. Ukapita ubeti wa pili, ukapita wa tatu, mama yake akiitikia kila mara mahali pake, mpaka ngoma zikanyamaza na mkanda ukaisha. Lulu alikuwa bado anakitazama kiganja cha baba yake.